Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa: Jinsi ya Kuushika Usharika Kwenye Kusudi Lake

Kikao kilianza saa nane mchana baada ya ibada ya pili, wazee kumi na wawili pamoja na Mchungaji. Hadi saa kumi na moja na nusu tulikuwa bado tunabishana kuhusu marumaru za madhabahuni: ziwe nyeupe, au za rangi ya udongo kwa kuwa vumbi la Dodoma halimwachi mtu. Mambo mengine yote tukayaahirisha. Tulipokuwa tunafunga madirisha, mwinjilisti alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee mmoja wa jumuiya ya kule mwisho alizikwa Jumatano iliyopita. Alikuwa amelala ndani miezi miwili. Majirani zake, baadhi yao Waislamu, ndio waliochimba kaburi na kumbeba. Kati yetu sisi wazee kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anaumwa.

Hatukuwa watu wavivu, na nyumba ya Mungu tulikuwa tunaipenda kwa dhati. Ndiyo maana jambo lile liliniuma hadi nikaanza kuyaandika haya. Nimetumikia miaka kadhaa kama mzee wa kanisa na katibu wa baraza hapa Dodoma mjini, na kwa niliyoyaona, usharika hausahau kusudi lake siku ya ugomvi mkubwa. Unalisahau kidogo kidogo kwenye agenda za vikao, kwenye daftari la mapato na matumizi na kwenye matangazo ya Jumapili, huku kila mtu akijituma. Kwa hiyo kazi ya kulirudisha inaanzia hapo hapo kwenye karatasi, kabla ya kuitisha semina ya umoja au kumwalika mhubiri mgeni.

Ninatumia majina ya usharika, mtaa, jumuiya na baraza la wazee kwa kuwa ndiyo niliyolelewa nayo. Ninyi wa parokia na vigango, au wa makanisa ya mahali pamoja, mtayabadilisha majina. Kazi ni ile ile.

Kabla ya kuanza: ruhusa na msimu

Anza na Mchungaji. Mzee anayeanzisha zoezi kama hili bila Baba Mchungaji kulijua, hata kama nia yake ni njema, ameshazaa kambi ya pili ndani ya usharika. Nenda nyumbani kwake, mweleze unachotaka kifanyike, mwombe achague watu watatu au wanne wa kukusaidia. Asiwe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, wala mwalimu wa kwaya, wala mhazini. Hao watahojiwa, na ni vizuri wasiwe pande zote mbili za meza. Tafuta mama mmoja anayeheshimika, kijana mmoja anayejua kuandika vizuri, na mtu aliyehamia karibuni.

Halafu tazama kalenda ya mvua. Mvua yetu ya mikoa ya kati ni ya msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo nusu ya washarika wa Chamwino, Bahi au Kongwa wako shambani hata Jumapili. Ukiitisha mikutano Januari utawapata watumishi wa serikali na wafanyabiashara peke yao, kisha utasema hayo ndiyo maoni ya usharika. Anza Juni, mtama na uwele vikiwa vimeanza kuingia ndani na watu wameanza kutulia. Zoezi zima lina miezi mitatu. Ukilifanya kwa wiki mbili utapata karatasi nzuri tu.

Hatua ya kwanza: Pekua madaftari

Omba madaftari mawili: la mihtasari ya baraza la wazee, na la mapato na matumizi. Yawe ya mwaka mzima uliopita. Omba pia karatasi za matangazo ya Jumapili ikiwa mwinjilisti amezitunza.

Kaeni watu wawili na kalamu za rangi. Pitieni muhtasari mmoja baada ya mwingine, na pembeni ya kila agenda andikeni herufi: N kwa Neno, ibada na mafundisho, W kwa watu, yaani wagonjwa, wajane, wafiwa, vijana, ndoa, waliopotea, J kwa jengo na vifaa, F kwa fedha na michango, S kwa sherehe na ugeni. Usihesabu agenda tu, hesabu na mistari. Agenda ya wagonjwa inaweza kuwepo katika kila muhtasari, lakini ukiisoma unakuta mstari mmoja: "Wajumbe walikumbushwa kuwatembelea wagonjwa." Chini yake kurasa mbili za bei ya mabati. Mistari ndiyo inayosema ukweli.

Tazameni kwa makini sehemu mbili. Ya kwanza ni "Yatokanayo". Jambo linalorudi hapo kikao hadi kikao bila kuisha ndilo linalokula nguvu za baraza. Ya pili ni "Mengineyo", mwisho kabisa, saa ambayo watu wameshachoka na wengine wameshaaga. Kwetu sisi, karibu kila jambo lililomhusu mtu aliye hai na mwenye shida lilikuwa limesukumwa kwenye Mengineyo.

Kwenye daftari la fedha fanyeni vivyo hivyo kwa herufi zile zile. Ondoeni kwanza fedha za dayosisi na mishahara, kwa kuwa hizo hazimo mikononi mwenu. Zinazobaki zinaonyesha mioyo yetu imeelekea wapi.

Matokeo msiyasome mbele ya usharika. Mpelekeeni Mchungaji kwanza, kisha baraza, na myasome bila kumtaja mtu. Daftari limeandikwa na sisi sote.

Hatua ya pili: Sikilizeni jumuiya kwa jumuiya

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mkutano mkuu hautawapa ukweli. Mkutano mkuu huongewa na watu saba, na ni wale wale. Nendeni kwenye jumuiya, majumbani, siku yao ya kawaida ya kukutana. Msiwaombe wakusanyike kanisani.

Dodoma ya sasa ina jambo lake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa mwaka 1973, lakini watumishi walianza kuja kwa wingi baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli. Maeneo kama Kisasa, Nzuguni, Ihumwa na Iyumbu yakajaa nyumba mpya. Usharika uliokuwa wa wenyeji waliozoeana tangu ubatizo ukapokea watu wa Kilimanjaro, Mbeya, Kagera na Dar es Salaam, kila mmoja na picha ya kanisa alikotoka. Mwenyeji anasema, "Wageni wametuchukulia kanisa." Mgeni anasema, "Hapa mambo yanakwenda polepole mno." Wote wawili wanalipenda kanisa, ila hawajawahi kukaa chini wakaulizana wamekutana kufanya nini.

Kwa hiyo msichanganye watu mara ya kwanza. Wasikilizeni wenyeji kwenye jumuiya zao za zamani, na waliohamia kwenye zao, kisha muwakutanishe. Mkifika kwa wenyeji, msianze na karatasi. Salimieni, "Mbukwenyi," kaeni, kuleni mlichoandaliwa hata kama ni ugali wa uwele na mlenda na nyinyi mmeshakula, ndipo mfungue daftari. Bibi anayetaka kusema kwa Kigogo aseme kwa Kigogo, na mtu mmoja aandike. Akilazimishwa Kiswahili cha kikao atasema tu "mimi naona ni sawa," na mtarudi nyumbani mikono mitupu.

Ulizeni maswali matatu tu:

Mara ya mwisho ulipokuwa na shida kubwa, nani wa kanisani alijua?

Kanisa letu lisingekuwepo hapa, majirani wa mtaa huu wangekosa nini?

Ni jambo gani tunalifanya kila mwaka ambalo wewe huoni linatusaidia nini?

Swali la kwanza huleta ukimya. Msiujaze. La pili lilitufundisha sisi jambo ambalo sitalisahau. Tulikuwa katikati ya mpango wa kujenga uzio, na michango ilikuwa imeshaanza. Mama mmoja mzee, mikono yake imekunjwa mapajani, akajibu kwamba majirani wangekosa maji. Tulidhani anasema maji ya uzima. Kumbe alimaanisha bomba. Kwenye kona ya kiwanja chetu kuna tangi na bomba, na akina mama wa mtaa ule, wa dini zote, huchota pale maji ya mjini yanapokatika. Katika ramani yetu ya uzio, bomba lilikuwa ndani na geti lilikuwa upande wa pili. Hakuna mtu aliyekusudia kuwanyima maji. Ni kwamba katika vikao vyote vya uzio hakuna aliyeuliza uzio huo unahusiana vipi na kilichotuleta pamoja.

Uzio ulijengwa. Una mlango mdogo upande wa bomba, na funguo anao yule mama.

Hatua ya tatu: Andikeni sentensi moja

Mkiwa na majibu ya jumuiya, kamati ndogo ikae iandike kusudi la usharika kwa sentensi moja. Nabii Habakuki aliambiwa aiandike njozi iwe wazi kwenye vibao, ili anayeisoma aisome kama maji. Hicho ndicho kipimo.

Katika hatua hii wasomi wetu, ambao ninawaheshimu sana, huleta lugha ya mpango mkakati: "Kuwa usharika wa mfano katika utoaji wa huduma shirikishi na endelevu za kiroho na kijamii." Sentensi hiyo ungeweza kuibandika kwenye ukuta wa ofisi yoyote pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, na hakuna ambaye angeshangaa. Mtoto wa kipaimara haiwezi. Mama wa jumuiya haioni anaingia wapi.

Sentensi nzuri ina maneno yasiyozidi ishirini, na vitenzi vyake ni vya kazi unayoweza kuiona kwa macho. Ya kwetu, baada ya kukataliwa mara tatu, ikawa hivi: "Kumwabudu Mungu pamoja, kufundishana Neno lake, na kutomwacha yeyote peke yake katika njaa, ugonjwa au msiba." Neno "njaa" lilibishaniwa sana. Baadhi waliona linaudhalilisha usharika wa mjini. Mzee mmoja wa mtaa wa pembeni akasema Januari na Februari, ghala likiwa tupu na mahindi mapya bado, yeye hahitaji kuambiwa njaa ni nini. Likabaki.

Msiige sentensi yetu. Kama mko Mpwapwa karibu na chuo, huenda yenu itawataja wanafunzi. Kanda hii ina mifano ya zamani ya kusudi lililo wazi. Ukifika Mvumi, kwenye misheni ya Waanglikana, unakuta kanisa, hospitali na shule, vyote vya dayosisi moja, na huhitaji mtu akueleze waliovianzisha walikusudia nini. Ulizeni wazee wenu wa kwanza walikutana chini ya mti gani na kwa sababu gani. Mara nyingi nusu ya sentensi iko hapo.

Ikishaandikwa ipitie njia yake halali: Mchungaji, baraza la wazee, kisha mkutano mkuu wa usharika. Hakikisheni hailigongi fundisho wala katiba ya dayosisi. Ikipitishwa, iandikwe kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mihtasari na wa daftari la fedha. Kibao cha ukutani kinaweza kusubiri. Madaftari hayawezi.

Hatua ya nne: Geuzeni agenda

Bila hatua hii yaliyotangulia yote yatakuwa kumbukumbu tu.

Panga kikao hivi. Baada ya sala na kuthibitisha muhtasari, katibu anaisoma ile sentensi. Kisha agenda ya kwanza ni watu. Kila mzee anataja jumuiya yake: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana Jumapili tatu, nyumba gani haina chakula. Majina yanaandikwa kwenye daftari lake maalumu, na mbele ya kila jina anaandikwa mzee atakayekwenda na siku atakayokwenda. Daftari hili ni la siri. Linakaa kwa Mchungaji, halisomwi kwenye matangazo na halipigwi picha. Baada ya watu, Neno na mafundisho. Halafu fedha. Jengo na vifaa mwisho, kwa nusu saa iliyohesabiwa. Kama nusu saa haitoshi, kamati ya ujenzi ilete pendekezo moja lililoandikwa, baraza likubali au likatae.

Mtaona kwamba mabishano ya marumaru yanakuwa mafupi yenyewe, kwa sababu watu wametoka kutaja wagonjwa wao muda si mrefu.

Jambo jipya likiletwa, mwenyekiti aulize swali moja: linasaidia sehemu gani ya sentensi yetu? Kama jibu halipo, jambo lisitupwe. Liandikwe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, tuliouita "Yanayosubiri", na ukurasa huo ufunguliwe kila baada ya miezi mitatu. Njia mbili zilimshinda fisi, na usharika wenye miradi sita kwa mwaka mmoja hauna hata mmoja.

Kumzuia mtu mzima anayeongea nje ya mada kunahitaji adabu, hasa kama ana umri wa baba yako. Usigonge meza. Mimi huinuka kidogo kwenye kiti na kusema: "Mzee wangu, hilo ni zito, sitaki lipite hivi hivi. Naliandika hapa. Niruhusu tumalize hili la wagonjwa, kisha utatuongoza." Kisha unaandika kweli, akikuona. Mtu mzima hukasirika akipuuzwa. Akiona kalamu inatembea, hutulia. Na katika "Yanayosubiri" jina lake litajwe, ili kikao kijacho ajue hukumdanganya.

Hatua ya tano: Matangazo na ratiba

Hesabuni dakika za matangazo kwa Jumapili nne. Kwetu, zilikuwa zinayazidi mahubiri. Wekeni kikomo cha dakika kumi. Msomaji awe mmoja. Tangazo liletwe limeandikwa kabla ya Jumamosi jioni, na lianze na yanayowahusu watu, michango iwe mwisho. Yale ya kikundi kimoja tu yapelekwe kwenye kundi la WhatsApp la kikundi hicho, na kwa wasio na simu janja, mzee wa jumuiya ayafikishe kwa mdomo.

Ratiba ya mwaka ifuate maisha ya watu. Desemba hadi Aprili, miezi ya kulima na kupalilia, msianzishe chochote kipya. Shikeni ibada, jumuiya na ziara, na Januari na Februari wekeni nguvu kwenye chakula. Mavuno ni Mei hadi Julai, ndiyo miezi ya shukrani, semina na mikutano. Wenye zabibu wana mavuno yao mara mbili kwa mwaka, waulizeni wenyewe tarehe zao. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wapo watumishi wanaoondoka Ijumaa na kurudi Jumapili usiku. Badala ya kuwahesabu kama watoro, wapeni kazi za katikati ya wiki: kufundisha vijana Jumatano jioni, kukagua hesabu, kutembelea wagonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa baada ya kazi.

Hatua ya sita: Fedha, jengo na mnada

Jengo si adui. Watu wanahitaji paa, na jua letu la Oktoba linajulikana. Tatizo ni jengo linapokuwa ndiyo kusudi. Msomeni Nehemia vizuri. Ukuta ulimalizika kwa siku hamsini na mbili, na baadhi yao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hayo tunayahubiri kila harambee. Lakini sura ya tano tunairuka. Katikati ya ujenzi watu walilia njaa na madeni, wameweka mashamba rehani na kuwatia watoto utumwani, na Nehemia akalishughulikia hilo hadi waliokopesha wakaapa kurudisha. Kusudi la ukuta lilikuwa watu wale.

Kwa hiyo: ujenzi uwe na kamati yake, akaunti yake, na taarifa moja kila robo mwaka. Jumapili moja isiwe na bahasha zaidi ya mbili. Ahadi ya jengo isisomwe kwa majina mbele ya kanisa. Najua inaleta fedha haraka. Pia najua wanaoacha kuja kwa sababu hiyo, na hawaagi. Na kabla ya kugawa fedha za mwaka, tengeni fungu la ile sehemu ya sentensi inayohusu njaa, ugonjwa na msiba. Kiasi chake amueni wenyewe, lakini likishatengwa lisikopwe kununua saruji.

Mnada nauzungumzia peke yake, kwa kuwa ni mzuri na unaharibika kirahisi. Mama anatoa mayai sita kwenye bakuli la bati, au jogoo amefungwa miguu kwa kitambaa, kwa kuwa hana noti. Tunatoka nje, chini ya mwarobaini, jogoo anainuliwa, bei inapanda, anauzwa mara tano yake na aliyenunua anamrudisha tena auzwe. Ni furaha ya kweli, na sadaka ya maskini inaheshimiwa. Lakini nimeona mnada ukienda saa moja na nusu, na waliokuwa wametoa mayai wakiwa wamesimama juani bila uwezo wa kununua chochote, mnada umegeuka kuwa wa watu wanne wenye magari. Wekeni dakika ishirini. Vitu vingi vikiletwa wakati wa mavuno, gawanyeni sehemu mbili zenye wanadi wawili. Na mtama, uwele na mahindi visiuzwe vyote. Gunia kadhaa zibaki stoo hadi Januari. Zikaushwe vizuri na zihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watawahi kabla ya wenye njaa.

Hatua ya saba: Mkitofautiana

Mtatofautiana, na mara nyingi si juu ya kusudi bali juu ya njia. Kwa mfano ngoma za muheme, ambazo akina mama wa Kigogo huzipiga kwa ustadi mkubwa. Kuna wanaozikataa ibadani kwa sababu ya mila zilikotoka, na kuna wasioweza kuimba kwa moyo bila hizo. Wengine wanataka kinanda. Swali la kuuliza ni lile lile: tunataka kumwabudu Mungu pamoja, je, ni nani anayeachwa nje kwa uamuzi huu? Wenye pande zote mbili wajibu swali hilo wakiwa wameketi pamoja, mbele ya Mchungaji, si kwenye kundi la simu usiku.

Manung'uniko ya upendeleo yasipuuzwe kamwe. Katika Matendo ya Mitume sura ya sita, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakusema "tuombee umoja." Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi ile, nao wakabaki na sala na Neno. Huo ni utaratibu kamili: sikia malalamiko, gawa kazi, chagua kutoka upande unaolalamika pia, wala usiiache kazi yako ya kwanza. Kama wenyeji wanalalamika kwamba uongozi wote ni wa waliohamia, hesabuni viti kabla ya kujitetea.

Mwaka wa uchaguzi mkuu, mimbari na matangazo visipewe mgombea. Akija kuabudu akae kwenye benchi, apewe mkono wa amani kama wengine.

Hatua ya nane: Rudieni hesabu kila robo mwaka

Chukueni tena kalamu za rangi, mfanye hesabu ya mistari na ya fedha kama mwanzo. Msikate tamaa robo ya kwanza ikifanana na mwaka uliopita. Yetu ilifanana, isipokuwa kwamba daftari la watu lilikuwa na majina. Robo ya pili ndiyo tuliyoanza kuona W zikiongezeka.

Wazee wapya wakichaguliwa, wasikabidhiwe mhuri na funguo tu. Kila mmoja aandamane na mzee wa zamani kwenye ziara tatu kabla ya kuhudhuria kikao chake cha kwanza. Ziara yenyewe ni nyepesi. Nendeni wawili, jioni jua likipoa, na kilo mbili za unga au sukari. Pigeni hodi, msubiri mkaribishwe. Msikae zaidi ya nusu saa. Ulizeni dawa zipo, maji yapo, watoto wamekwenda shule. Ombeni kwa ufupi. Mkitoka, andikeni kabla hamjafika kwenu, kwa sababu kesho asubuhi mtakuwa mmeshasahau kwamba yule mama alisema taa yake imeharibika tangu wiki iliyopita.